"Dawa Imenikataa": Seli, Dalili na Sarufi ya Mgonjwa katika Makutano ya Meru na Embu

Utangulizi

Jina Makutano si geni kwa msafiri wa mashariki mwa Mlima Kenya. Liko katika mji wa Meru, na liko pia kusini, pale barabara ya Embu inapoachana na ile ya Nyeri na msafiri akaanza kuyaelekea mashamba ya mpunga ya Mwea. Aghalabu penye njia panda hapakosi kituo cha matatu, akina mama wenye ndizi na maembe, hoteli ya chai na kemisti. Mbele ya dirisha la kemisti ndipo husikika sentensi inayochunguzwa na makala haya. Mteja hupewa tembe, huitazama pakiti, kisha huirudisha: "Hiyo usinipe. Ilinikataa."

Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kuwa kiima cha sentensi hiyo ni dawa, na kwamba mgonjwa ni yambwa, tena yambwa aliyefichwa ndani ya kitenzi kwa silabi moja tu, -ni-. Mwanafunzi wa fasihi ataongeza kuwa hii ni tashihisi: dawa imepewa hiari ya mtu, ikamtazama mgonjwa, ikamkataa kama mchumba. Sentensi nyingine za ugonjwa zimejengwa vivyo hivyo. Homa humshika mtu, malaria humlaza, kichwa humuuma, tumbo humwendesha. Katika Kiswahili mgonjwa hatendi, hutendwa.

Elimu ya seli imemweka mtendaji mahali pengine. Sehemu kubwa ya yale ambayo mgonjwa huyaona na kuyasikia mwilini, yaani dalili, hutendwa na seli zake mwenyewe baada ya kukutana na kijidudu au na dawa na kubadilisha mwenendo wake. Makala haya yanadai kuwa pengo lililopo baina ya sarufi hiyo na elimu hiyo si suala la darasani tu. Wagonjwa wengi wa eneo hili huzungumza Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Gikuyu nyumbani. Kadi ya kliniki huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho daraja linalovukisha habari kutoka kinywa cha mgonjwa hadi kalamu ya mhudumu. Ikiwa neno moja la Kiswahili limebeba mambo manne katika kapu moja, kadi itapokea jambo moja, na huenda likawa si lile lililompata mgonjwa.

Homa ni ya nani?

Inafaa kuanza na homa kwa sababu Kiswahili kimeitumia kama shina la kutajia maradhi mengi. Kuna homa ya malaria, homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo. Vijidudu vinavyohusika havina undugu: kimoja ni kimelea, vingine ni bakteria, vingine ni virusi. Kinachoyaunganisha maradhi hayo ni joto la mwili. Bila kukusudia, wazee waliounda istilahi hizi waliyaainisha maradhi kwa jibu la mwili wala si kwa mvamizi, na kwa hilo hawakukosea sana.

Tuchukue malaria. Mbu aina ya anofelesi akishauma, vimelea huingia kwanza katika ini, vikazaana humo kwa muda wa wiki moja au zaidi bila mtu kusikia lolote. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya kila chembe kimelea hula, hukua na kugawanyika, na baada ya takriban saa 48 chembe hupasuka. Mtaalamu wa Italia, Camillo Golgi, alionyesha katika miaka ya 1880 kuwa vipindi vya homa hulingana na wakati wa kupasuka huko. Hata hivyo, mpasuko wenyewe hauleti joto. Mabaki ya chembe na uchafu wa kimelea humwagika katika damu, na hapo seli nyeupe zinazolinda mwili huyagundua. Seli hizo, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikifanya doria kwa utulivu, hubadilika: huanza kutengeneza na kumwaga protini za kupashana habari ziitwazo sitokini. Sitokini husafiri kwa damu hadi karibu na sehemu ya ubongo inayopima joto, na huko husababisha kutengenezwa kwa kemikali iitwayo prostaglandini. Kipimo cha joto hupandishwa. Mwili uliokuwa umeridhika na nyuzi 37 sasa huambiwa kuwa nyuzi 39 au 40 ndizo za kawaida.

Hapa ndipo linapofafanuka jambo ambalo kila mlezi amewahi kulistaajabia. Mtoto ana joto la kuunguza kiganja, lakini analia kuwa anasikia baridi na anaomba blanketi. Haoni vibaya. Kwa mujibu wa kipimo kipya, nyuzi 38 ni baridi. Kwa hiyo misuli hutetemeka ili kuzalisha joto na mishipa ya ngozi hujibana ili isilipoteze. Kipimo kikishushwa, mambo hugeuka, jasho likatiririka na blanketi likatupwa. Parasetamoli hufanya kazi katika hatua hiyo ya prostaglandini. Hushusha kipimo, lakini kimelea hakiguswi, na mzazi aliyeridhika kwa kuona mtoto amepoa huenda akachelewa kwa siku nzima kumfikisha hospitalini.

Ushahidi wa pili wa kuwa homa ni ya mwili ni watu wasioipata. Katika maeneo yenye malaria ya mara kwa mara, mtu mzima anaweza kupimwa damu, akaonekana ana vimelea, na ilhali yumo shambani akipalilia. Seli zake zimekutana na vimelea mara nyingi hata zikajifunza kuvidhibiti bila kupiga mbiu. Mgeni aliyeteremka kutoka miinuko ya Meru, ambako baridi ya mlima huwazuia mbu kustawi, anaweza kuumwa na mbu wa nyanda za chini, akapata vimelea vya aina ile ile, akalazwa akiwa mahututi. Kimelea ni kimoja, majibu ni mawili. (Ifahamike kuwa Mwea yenyewe imewashangaza watafiti. Ingawa mashamba ya mpunga yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 huzalisha mbu wengi mno, uchunguzi wa mapema miaka ya 2000 ulikuta malaria chache katika vijiji vya mpunga kuliko katika vile visivyo na umwagiliaji, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba mbu wengi huko huuma ng'ombe.)

Hata hivyo, si haki kuutwika mwili lawama zote. Kimelea cha Plasmodium falciparum huibadilisha chembe nyekundu kiasi cha kuifanya iote vinundu vya protini vinavyonata katika kuta za mishipa midogo. Chembe zikinata katika mishipa ya ubongo, damu huzuilika na mtoto huzimia. Je, seli za kinga zikinyamazishwa, mtoto atapona? Swali hilo liliulizwa nchini Gambia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watoto wenye malaria ya ubongo walipewa kingamwili ya kuzuia TNF, sitokini mojawapo kuu ya homa. Homa ilipungua. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa ubongo waliongezeka. Dalili, basi, huwa kazi ya seli zetu, na kazi hiyo haizuiliki kwa amri bila gharama.

Mwasho ambao haukuwa mzio

Kenya ilitegemea klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria hadi mwaka 1998, ilipohamia dawa ya salfadoksini na pirimethamini, iliyojulikana zaidi kwa jina la Fansidar. Mwaka 2004 serikali iliamua kuhamia dawa mseto yenye artemetha na lumefantrini, na dawa hiyo ikaanza kusambazwa mwaka 2006. Mabadiliko ya 1998 yalisababishwa na usugu wa vimelea. Lakini mtu aliyekua katika enzi ya klorokwini akiulizwa kilichomkera, hatataja usugu. Atataja mwasho.

Waliowahi kuwashwa wanaelewa. Saa chache baada ya kumeza, ngozi nzima, hasa viganja na nyayo, huwasha kana kwamba inachomwa kwa sindano, na mara nyingi hakuna upele wowote unaoonekana. Usingizi hutoweka. Wengi walikatiza dozi kwa sababu hiyo, na wengi waliandikiwa kuwa wana aleji ya klorokwini. Ilikuwa tukio la kawaida mno miongoni mwa Waafrika waliotibiwa malaria, na dawa za kuzuia histamini, kama vile Piriton, mara nyingi hazikufaa kitu.

Sababu ya kutofaa kwake ilianza kueleweka mwaka 2009, ilipogunduliwa kuwa klorokwini huligusa moja kwa moja umbo fulani la protini lililoko juu ya seli za neva zinazopeleka habari ya mwasho kwenye uti wa mgongo. Dawa hubonyeza kitufe cha mwasho bila kupitia mfumo wa kinga. Hapakuwa na kingamwili dhidi ya klorokwini, hapakuwa na kumbukumbu ya seli, wala hapakuwa na hatari ya koo kuziba. Aliyewashwa alitendewa na neva zake. Kumwita mwenye mzio kulikuwa kosa la uainishaji, na kosa hilo liliwanyima watu dawa iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Neno mzio na seli iliyoshiba

Neno mzio lina historia inayofaa kuzingatiwa. Kabla ya kupewa kazi ya istilahi ya kitabibu, lilimaanisha chakula au kitu ambacho mtu hapaswi kukitumia, ama kwa mwiko, ama kwa kuwa kinamdhuru yeye ilhali wenzake hawakidhuru. Neno linalotumiwa na lugha za Ulaya, ambalo Waswahili wamelitohoa kuwa aleji, liliundwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Alichokusudia ni kuwa mwili uliokwisha kukutana na kitu hukijibu kwa namna nyingine kinapokuja tena. Tofauti ya maneno haya mawili inavutia. Aleji hueleza kilichotokea ndani, yaani jibu limebadilika. Mzio huamuru cha kufanya nje: hiki usikile. Lugha moja ilimtazama mgonjwa kwa jicho la maabara, nyingine kwa jicho la jikoni, na kwa upande wa usalama jicho la jikoni halikuwa baya.

Kilichobadilika ni nini hasa? Penisilini ni molekuli ndogo mno kiasi kwamba kinga huipuuza ikiwa peke yake. Lakini hushikamana na protini za mwili, na protini iliyovishwa penisilini huonekana kama mgeni. Kwa watu wachache, seli za kinga hufundishana kumtambua mgeni huyo na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo huenda kujipachika juu ya seli ziitwazo masti. Paul Ehrlich alizitambua seli masti mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi, na kwa kuwa zilijaa chembechembe tele alidhani zimeshiba, ndipo akazipa jina la Kijerumani lenye dhana ya kunoneshwa. Hazikushiba. Chembechembe zile ni ghala la histamini na kemikali nyingine zinazosubiri ishara.

Mara ya kwanza, basi, mgonjwa hupata sindano, akapona, akaenda zake. Haoni dalili yoyote, ilhali seli zake zimekwisha kubadilika. Mara ya pili, pengine miaka kadhaa baadaye, penisilini hugusa kingamwili zilizopachikwa, na katika muda wa dakika chache seli masti humwaga ghala zote kwa pamoja. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, ngozi hufura vipele, midomo na koo huvimba, njia za pumzi hujibana, presha huporomoka. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walioona jambo kama hilo kwa mbwa waliodungwa sumu ya mnyama wa baharini: dozi ya kwanza mbwa walistahimili, dozi ndogo ya pili iliwaua. Waliliita anafilaksia. Tiba yake ni adrenalini inayodungwa upesi kwenye msuli wa paja, kwa kuwa hubana mishipa iliyotanuka na kufungua njia za pumzi. Piriton hutuliza mwasho, lakini haiwezi kurejesha presha wala kufungua koo. Jambo hili linastahili kujulikana na kila anayedunga sindano katika chumba cha nyuma cha kemisti, ingawa swali la iwapo sindano zinapaswa kudungwa huko ni mjadala mwingine.

Si kila mzio huenda mbio hivyo. Ipo aina inayoendeshwa na seli T, ambazo huchukua siku hata wiki kujikusanya. Kali kuliko zote ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, uliopewa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Seli T zenye uwezo wa kuua hugeukia seli za ngozi na za utando wa mdomo na macho, zikazimwagia protini zenye kuzitoboa. Ngozi hufura malengelenge na kubambuka kana kwamba imemwagiwa maji moto. Fansidar ilihusishwa na balaa hilo mapema. Mwaka 1985 Wamarekani waliokuwa wakiimeza kila wiki kama kinga ya safari walionywa, baada ya kukadiriwa kuwa kifo kimoja hutokea kwa kila watumiaji kati ya 11,000 na 25,000. Kwa dozi moja ya tiba hatari ilikuwa ndogo zaidi, na dawa hiyo hutumika hadi leo kuwakinga waja wazito katika maeneo yenye malaria nyingi. Lakini salfadoksini hukaa damuni kwa wiki kadhaa; aliyeimeza hawezi kuitema.

Kinga iliyopungua, mzio ulioongezeka

Kisa kinachofunza zaidi kuliko vyote kilitokea Nairobi, na kilihusu kifua kikuu. Tangu miaka ya 1950 majaribio ya pamoja ya watafiti wa Uingereza na Afrika Mashariki yalionyesha kuwa thiasetazoni, dawa rahisi iliyochanganywa na isoniazidi katika tembe moja, ilifaa katika matibabu ya muda mrefu. Iligundulika pia kuwa watu wa Afrika Mashariki waliivumilia vizuri kuliko wagonjwa wa nchi kadhaa za Asia. Kwa zaidi ya miongo miwili ikawa nguzo ya tiba ya kifua kikuu nchini Kenya, na wagonjwa wa Meru na Embu waliimeza kama wengine.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya walitambuliwa mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata wahudumu walianza kuona kitu kisichokuwa desturi: wagonjwa wa kifua kikuu waliotoka upele, wakabambuka ngozi, wengine wakafa. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Nairobi uliolinganisha wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo. Miongoni mwa wenye virusi, takriban mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi. Miongoni mwa wasio navyo ilikuwa kama mmoja kati ya mia. Shirika la Afya Duniani lilionya kuwa wenye virusi wasipewe thiasetazoni, na baada ya muda ethambutoli ikachukua nafasi yake.

Dawa ilikuwa ile ile iliyovumiliwa na wazazi wao. Kilichobadilika ni seli za wanaoimeza. Na hapa pana kitendawili. Virusi vya UKIMWI huua seli za kinga. Akili ya kawaida ingetarajia kwamba mtu mwenye kinga haba asiwe na nguvu za kupata mzio. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kuwa miongoni mwa seli T zinazoangamizwa zimo zile ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzake. Seli zenye kuua hubaki bila msimamizi. Zaidi ya hayo, mwili uliodhoofishwa hupungukiwa na kemikali za kusafisha mabaki makali ya dawa, mabaki hayo yakashikamana na protini na kuzichokoza seli hizo. Jeshi limepungua, lakini waliouawa kwanza ni maafisa. (Tashbihi za kivita zimechosha katika maandishi ya UKIMWI, kwa hili moja tu zinafaa.)

Mambo yakawa hivyo hivyo kwa Septrin, dawa ya salfa inayowakinga wenye virusi dhidi ya nimonia na maradhi mengine. Wenye virusi hutoka upele kwa Septrin mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, ilhali ndio wanaoihitaji zaidi. Upele ukiwa mwepesi, mhudumu anaweza kuanza upya kwa dozi ndogo sana na kuiongeza hatua kwa hatua hadi mwili uizoee. Ikiwa mgonjwa aliwahi kubambuka ngozi au kutoka vidonda vya mdomo na macho, jaribio hilo ni haramu kabisa.

Kitendawili cha pili kilikuja pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi. Mgonjwa mwenye kifua kikuu huanzishiwa dawa hizo, virusi hupungua, uzito huanza kurudi, kisha baada ya wiki chache homa hurejea kwa kishindo na tezi za shingo huvimba. Mgonjwa na jamaa zake huhitimisha kuwa dawa zimemkataa, na hushawishika kuziacha. Kinachotokea ni kinyume. Seli zilizokuwa zimetoweka zimerudi, zikavikuta vijidudu vya kifua kikuu, au mabaki yavyo, mahali ambapo awali hapakuwa na wa kuvijibu, na sasa zinavijibu kwa nguvu. Ugonjwa unaonekana kuzidi kwa sababu kinga inapona. Mara nyingi dawa huendelezwa, na uvimbe ukizidi hutulizwa kwa prednisoloni. Kuziacha dawa wakati huo ni kuzikatiza seli katikati ya kazi.

Sentensi moja, maana nne

Sasa turejee dirishani. Mteja amesema dawa ilimkataa. Huenda ana maana kuwa aliimeza na homa isiishe, jambo ambalo ni usugu wa kimelea na halihusu seli zake hata kidogo. Huenda alitapika, aliendesha au aliwashwa kama kwa klorokwini. Hayo ni madhara ya kawaida, yanayoudhi pasi na kuua. Huenda alifura, akakosa pumzi au akabambuka, na huo ndio mzio. Au huenda alikuwa akipona kwa kelele, kama mgonjwa wa tezi aliyetajwa hapo juu. Katika hali ya kwanza abadilishiwe dawa, ya pili avumilie au asaidiwe, ya tatu asiiguse tena maishani, ya nne asiiache.

Kuna hali ya tano ambayo haimo katika neno lakini imo katika maisha. Ni ya upele unaotokea dawa na maambukizi yanapokutana. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kuwa kijana mwenye homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, akipewa ampisilini, mara nyingi hutoka upele mwili mzima, na bado akapewa dawa hiyo hiyo miaka ya baadaye bila kudhurika. Virusi viliziamsha seli T kupita kiasi, dawa ikawa kisingizio. (Virusi hivyo vina asili ya kitaaluma ya hapa nyumbani: viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda, ugonjwa ambao Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliueleza mwaka 1958.) Watoto wengi hupewa amoksisilini katikati ya maambukizi ya virusi, hutoka upele, na huitwa wenye mzio wa penisilini maisha yao yote. Nchini Marekani, ambako vipimo vimefanywa kwa wingi, imebainika kuwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaobeba jina hilo wanaweza kuitumia penisilini bila shida.

Makala haya hayapendekezi kuifuta sentensi ya mgonjwa. Ni nzuri, ni fupi, na mgonjwa ana haki ya kuitumia. Kinachotakiwa ni mhudumu asiifasiri kabla ya kuuliza: dawa ipi, ilikuwa mara ya ngapi, ilichukua dakika au siku, ngozi ilifanya nini, pumzi je, mdomo na macho je, na alikuwa akiugua nini wakati huo. Maswali hayo yanaulizika kwa Kiswahili chepesi, na majibu yake yanaandikika katika mstari mmoja. Tuseme mkulima fulani wa mpunga alimeza Fansidar mwaka 2003, na siku ya tisa akatoka malengelenge mdomoni na machoni. Kadi inayosema tu kuwa "dawa ya malaria ilimkataa" itamwepusha na Fansidar, ambayo leo hakuna atakayempa kwa ajili ya kutibu malaria, na haitamzuia mtu yeyote kumwandikia Septrin, ambayo ni salfa kama ile iliyombambua.